Kitana Hakiokotwi

Wiki yangu ya tatu Limerick, Ireland, niliokota kitana. Kitana cha plastiki tu, cha kahawia, meno mawili yamekatika, kimelala kwenye njia ya miguu kando ya mto Shannon. Mimi nimelelewa kwamba kitu cha mtu kikianguka hukiachi kikanyagwe, kwa hiyo nilikiinua nikakiegesha juu ya ukuta mfupi ili mwenyewe akirudi akione. Mama mwenye nyumba wangu, tuliyekuwa tunaenda naye dukani, alisimama ghafla.

"Kirudishe chini," akasema. "Pale pale ulipokitoa."

Nikamwuliza kuna nini. Akacheka kidogo, akageukia mto. "Hakuna kitu. Maneno ya wazee tu. Lakini kirudishe."

Nilikirudisha, na nilipoinuka nilikuwa nacheka na mimi, maana kicheko kile nakijua. Ndicho anachocheka mama yangu akikukataza kugusa sarafu iliyoachwa njia panda pamoja na yai na kipande cha kaniki. Ukimwuliza kama anaamini mambo hayo atakujibu yeye ni Muislamu, anaswali swala tano, huo ni ushirikina. Ukiinama kuokota, kofi la mkono linafika kabla hujagusa.

Mimi ni mtu wa Pangani. Septemba 2022 nilikwenda Ireland kwa ufadhili wa mwaka mmoja, shahada ya uzamili katika uhandisi wa ujenzi, na mambo yangu hasa ni barabara. Kabla ya kuondoka nilipewa semina, na siyo ya ofisini, ni ya sebuleni, iliyotolewa na kaka mmoja wa mtaani kwetu aliyesoma Ujerumani. "Mzungu hana mizunguko," alinifundisha. "Akisema ndiyo ni ndiyo, akisema hapana ni hapana. Chakula anakukaribisha mara moja. Ukijitia haya utalala njaa. Na usije ukamsimulia habari za majini, atakuona mshamba." Niliyaandika yote kwenye daftari. Ujerumani huenda yalimfaa. Mimi Ireland yaliniaibisha kabla hata sijavua koti.

Nilifika nyumbani kwa huyo mama (nitamwita Mama Chai, na siku akiyasoma haya kwa programu ya kutafsiri atajua ni yeye) mvua ikinyesha ile ya kwao, isiyopiga bati wala kuonekana, unashtukia tu umelowa. Akaniuliza nitakunywa chai? Nikasema ndiyo. Akanitazama kidogo. Na kipande cha mkate? Ndiyo. Na keki? Ndiyo. Alinihudumia vizuri sana, ila uso wake ulikuwa wa mtu aliyesukuma mlango akakuta haukufungwa.

Miezi miwili baadaye akaja jirani yake, ndipo nikaona mchezo unavyochezwa. Chai? Hapana, nimetoka kunywa sasa hivi. Kidogo tu. Hapana, usijisumbue. Maji yenyewe yameshachemka. Ah, basi, tone tu, nisikuudhi. Akanywa vikombe vitatu na nusu ya keki. Nilikuwa nimekaa pembeni najiona mpumbavu. Ile ni Pangani tupu! Mgeni anaapa ameshiba, mwenyeji anakata maneno kwa kuleta sahani. Mchezo nimezaliwa nao, halafu nikauacha uwanja wa ndege wa Dar es Salaam kwa ajili ya semina.

Somo la pili lilinigharimu usingizi. Tulipewa kazi ya kundi, watu wanne, na kijana mmoja akapangiwa hesabu za mifereji ya maji ya mvua. Nikamwuliza, utazifanya? Akajibu, "Nitafanya, ndiyo," sauti ikishuka mwishoni. Nikaandika jina lake kwenye jedwali. Wenzangu wawili walijua pale pale kwamba amekataa, kwa sababu kwao jibu hilo, kwa sauti hiyo, ni hapana iliyovaa shati. Mimi peke yangu ndiye niliyelala nikiamini. Usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha nilizifanya mwenyewe mpaka Alfajiri. Asubuhi aliniletea kahawa, akaniambia kazi yangu iko "grand".

Neno hilo nalo lina safari zake. Chakula grand, mvua grand, mguu umetiwa plasta lakini niko grand. Nilihangaika nalo mpaka nilipogundua kwamba ni "salama" yetu. Si unajua namna tunavyosalimiana? Habari za nyumbani, salama. Watoto, salama. Kazi, salama. Halafu baada ya salama ya nne ndipo mtu anakwambia mtoto amelazwa tangu Jumapili.

Mengine yalikuwa madogo, nayapita haraka. Abiria anaposhuka kwenye basi anamshukuru dereva, kila mmoja, hata mwanafunzi mwenye vitu masikioni. Tabia hiyo nimerudi nayo na makondakta wa Tanga wananitazama kama nimesahau chenji. Mama Chai hawezi kukata simu: anaaga mara saba au nane mfululizo, anazidi kuharakisha, kama pikipiki inayokataa kuwaka. Mwalimu wetu alitaka tumwite kwa jina lake la kwanza. Nilishindwa. Mwaka mzima sikumwita kitu; nilikuwa namsogelea mpaka ageuke mwenyewe. Na jua: Desemba linazama saa kumi na dakika ishirini hivi za alasiri, unatoka darasani ni giza, Juni linazama saa nne usiku, na Isha unaisubiri ukiwa umelala na viatu. Ramadhani ya 2023 ilianza Machi 23, na siku ya nne ya mfungo wakasogeza saa zao mbele kama wanavyofanya kila mwaka. Jana tumefuturu kabla ya saa moja, leo karibu saa mbili. Najua jua ni lile lile. Tumbo halikulijua hilo.

Lakini kitu kilichonirudisha nyumbani hasa kilikuwa redio.

Jikoni kwa Mama Chai redio husikilizwa ya Clare, kaunti ya ng'ambo ya mto, ndiko alikozaliwa. Kila siku, kwa saa zake, husomwa majina ya waliofariki: fulani wa kijiji fulani, ameacha watoto hawa, mwili utakuwa nyumbani kuanzia saa fulani, mazishi kanisa fulani. Mama Chai akisikia ule wakati umefika anapandisha sauti na jikoni panakuwa kimya, kijiko hakigongi kikombe. Nilipoona mara ya kwanza nilikaa chini. Nilimwona Babu yangu na redio yake ya mkulima, mkono mmoja umeinuliwa kutunyamazisha, akisikiliza matangazo ya vifo kutoka Dar es Salaam ili ajue kama kuna mtu wetu.

Novemba likasomwa jina la mtu wetu, maana yake mtu wa Mama Chai: mama mkwe wa kaka yake. Nikaandamana naye. Nilikuwa na wasiwasi, kwa sababu sisi maiti hatumkawizi, na kule bibi wa watu alikuwa amelazwa sebuleni ndani ya jeneza lililo wazi, rozari mkononi, saa ya ukutani imesimamishwa. Watu wanaingia kwa mlango wa mbele, wanapita kwa wafiwa waliopangwa kwenye viti, wanashika mkono wa kila mmoja na kusema neno moja lile lile. Nikatega sikio. Walikuwa wanasema, kwa Kiingereza chao, "samahani kwa tabu yako."

Jamani, ile ni pole! Tangu shule ya msingi nimeitafuta pole katika Kiingereza sikuipata. Walimu walitupa neno la kuomba msamaha, na mtu akijikwaa ukimwambia hilo anakujibu si kosa lako. Waairishi wanayo pole. Wanayo kwa ajili ya misiba tu, lakini wanayo. Nilipopita nikaisema kwa Kiingereza, na kwa mtu wa mwisho, kijana wa miaka kumi hivi, ikanitoka kwa Kiswahili. Akanishukuru.

Baadaye sikujua nikae wapi. Wanaume uani wanazungumza mpira na bei ya ng'ombe, wazee wanasali, sahani za mikate zinapita na mimi sina hakika na kilichomo ndani. Nikafanya ambacho mwanamke yeyote wa kwetu angekifanya: nikaingia jikoni nikaanza kuosha vikombe. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Bibi mmoja mwembamba alinitupia kitambaa, yeye anakausha mimi naosha, tukaenda hivyo kama saa moja na nusu. Ni pale, maji ya moto yakinifika viwikoni, nilipouliza habari ya kitana.

Bibi hakushangaa swali. Alifunga kwanza mlango wa kwenda sebuleni. Kuna mwanamke, akasema, ambaye jina lake la Kiairishi ni bean sí, mwanamke wa kilimani. Anazifuata koo za zamani, hasa zile ambazo majina yao yanaanza kwa O au Mac, na mtu wa ukoo akikaribia kufa yeye hulia usiku nje ya nyumba huku akichana nywele zake ndefu. Hamdhuru mtu, kazi yake ni kulia tu. Lakini kitana chake ukikiokota atakuja kukidai. Kulikuwa na mwanamume alikiokota akakipeleka nyumbani, na usiku dirisha likaanza kutikiswa. Kwa bahati alikuwa na akili: hakukitoa kwa mkono, alikishika kwa koleo la jikoni akakipenyeza dirishani. Koleo lilirudi ndani limepinda.

"Na wewe unaamini, bibi?" nikamwuliza.

"Mimi?" Akaning'iniza kikombe kwenye msumari wake. "Hata kidogo. Lakini wapo."

Usiku ule ndani ya gari nilimwambia Mama Chai kwamba kwetu ni bundi. Akitua juu ya paa akalia, hakuna anayesema mtu atakufa. Watu wanatafuta tu sababu ya kuwasha taa na kumtupia jiwe. Hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kuvunja kifungu cha mwisho cha semina, na nilikivunja gizani, kwa mtu mmoja, gari ikitembea.

Darasani sikuwa na ujasiri huo. Mwezi wa Februari, wiki moja baada ya sikukuu mpya ya Mtakatifu Brigid (2023 ndio mwaka wa kwanza kuwa mapumziko ya taifa, tulipumzika Jumatatu ya tarehe 6), mwalimu wetu alikuwa anafundisha namna ya kuchagua njia ambayo barabara itapita. Udongo, miinuko, mito, mashamba ya watu, fidia. Halafu akaweka ukutani picha ya kichaka cha miiba kando ya barabara kuu na kuuliza, "Na hiki mnakifanyaje?"

Kichaka kiko Latoon, Clare, kwenye njia ya Limerick kwenda Galway, barabara ambayo sasa inaitwa M18. Mwaka 1999 barabara mpya ilikuwa imepangwa kupita pale, na kichaka kilikuwa kiondolewe. Msimuliaji mmoja wa hadithi za kale, Eddie Lenihan, akaandika barua gazetini kupinga. Hakuzungumzia mazingira wala ndege. Alisema kichaka kile ni mahali ambapo jeshi la wale watu wa kusini, upande wa Munster, hukutana kabla ya kwenda kupigana na wenzao wa Connacht, na kwamba kikikatwa, barabara itaua watu. Habari ikavuma mpaka magazeti ya Marekani. Mwisho wa yote kichaka kilibaki na barabara ikapita pembeni yake.

Nimesema "wale watu" kwa sababu ndivyo wanavyosema wenyewe. Ondoa akilini vile vitoto vya katuni vyenye mabawa na fimbo inayong'aa. Hawa, majini wa kule, wana kimo cha watu, wana mifugo, wana vita vyao, wanaishi chini ya vilima na ndani ya maduara ya kale ya matuta ya udongo, na hawatajwi kwa jina. Huitwa watu wema, au lile kundi lingine. Wema wenyewe ni wa kuogopwa. Nani asiyeijua lugha hiyo? Usiku chumvi haiitwi chumvi dukani, na nyoka haitwi nyoka.

Mwanafunzi mmoja akauliza kama mhandisi wa kaunti aliamini. Mwalimu akatabasamu. Akasema ofisi haikuingia kabisa katika habari za imani. Walichosema ni kwamba kichaka kinaweza kubakishwa ndani ya mpango wa barabara. Mandhari. Akaongeza kwamba 2002 mtu asiyejulikana alikwenda usiku na msumeno wa mashine akakata matawi yote, kikabaki kisiki, na kisiki kikachipua tena. Akaongeza pia kisa cha mbunge wa Kerry ambaye 2017 alisema hadharani kuwa barabara ya N22 inadidimia mahali pale pale kila ikitengenezwa kwa sababu kuna maduara ya wale watu karibu. Darasa likacheka. Mwalimu akasema kwa utulivu kwamba yeye angeanza kwa kupima maji ya chini ya ardhi. Kisha akageuka, "Kwenu kuna mambo kama haya?"

Kijana wa Nigeria akasema mengi mno, tukitaja tutalala hapa. Mimi nilikuwa nimekaa safu ya pili na kisa kizima kimenikaa kooni, na nilitazama daftari langu. Nilikuwa mtoto wa ufadhili. Nilikuwa mwanamke pekee kutoka Afrika Mashariki mle ndani. Mwairishi akisema kuhusu kichaka anachekewa kwa upendo. Mimi nikisema kuhusu mbuyu, niliogopa kicheko kingekuwa kingine. Mpaka leo sidhani nilikosea kuogopa. Nilikosea kunyamaza.

Kisa chenyewe ni hiki.

Babu yangu aliendesha greda la Ujenzi miaka ya sabini. Walikuwa wanafungua barabara ya vumbi kwenda vijiji vya pwani, na vigingi vya wapimaji vikapita katikati ya mbuyu. Mbuyu wa haja, shina lake watu wanane wakishikana mikono hawalizungushi, na kwenye uwazi wa shina kulikuwa na chetezo, vitambaa na chupa za marashi. Siku ya kwanza katapila ilipousogelea mpira wa haidroli ulipasuka. Siku ya pili, mpira umeshabadilishwa, dereva wa katapila aliamka mwili unawaka moto hawezi kusimama. Fomeni alikuwa mtu wa bara, hana habari na mizimu ya pwani, akasema atapanda mwenyewe. Akapanda. Mashine ikazimika, haikuwaka mpaka jioni.

Wazee wa kijiji walikuwa wamekaa kivulini siku zote mbili wanatazama. Fomeni alipowaendea, mkubwa wao alimwambia maneno matatu tu: "Ninyi hamkupiga hodi."

Akanunuliwa mbuzi kwa pesa ya mafuta, jambo ambalo halikuandikwa popote. Ukachomwa ubani, wazee wakasema nao huko wanakojua wao. Babu na wenzake wakadhani sasa wataruhusiwa kukata, wakaambiwa la, mbuzi ni wa kuwasamehe usumbufu, mti unakaa. Basi greda la Babu likapinda. Hadi leo ukipita kuna kona pale isiyo na sababu yoyote kwa macho, ardhi tambarare, hakuna mto, hakuna nyumba. Babu husema walipinda mita kumi na mbili. Nimepima mwenyewe: ni kumi na nne.

Kona ile ndiyo iliyonifanya niulize kwa mara ya kwanza, nikiwa na miaka tisa au kumi, barabara inaamuliwa na nani. Katika barua yangu ya kuomba ufadhili niliandika kwamba nilivutiwa na uhandisi kwa sababu ya maendeleo ya jamii.

Latoon nilikiona mwezi wa Mei. Kaka yake Mama Chai alitupitisha tukielekea shambani kwake, akapunguza mwendo karibu na makutano ya barabara, akaonyesha kwa kidevu. Nilitafuta mti. "Uko wapi?" Pale. Jamani, kile ndicho? Nilitazamia kitu cha kulingana na mbuyu. Kumbe ni kichaka cha miiba ukubwa wa mchongoma uliosahauliwa kupunguzwa, kimesimama peke yake malori yakikipita mbio. Lakini Mei ndio mwezi wake wa maua, na kilikuwa cheupe chote, kama mtu aliyetoka kuswali Idi. Nikasema ningependa kijitawi cha kuweka chumbani. Kimya kikaingia ndani ya gari. Maua yale, nikaelezwa, hayaingizwi nyumbani. Hakuna sababu.

Shamba lake lina duara. Kiairishi ni lios: tuta la udongo lililozunguka, miti imeota juu yake, ndani ni majani tu. Wataalamu wa mambo ya kale wanaeleza kwamba yalikuwa makazi ya wakulima zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, uzio wa familia na ng'ombe zake, na yako makumi ya maelfu nchi nzima. Huyu baba anajua yote hayo, alinieleza yeye mwenyewe, hata sheria inayoyalinda anaijua. Kisha akaniambia kwamba trekta lake halijawahi kuingia mle, wala la baba yake, na kwamba sheria ilikuja baadaye.

Tulikuwa tumeegemea geti. Nikamsimulia mbuyu. Wote, na homa ya dereva, na mbuzi wa pesa ya mafuta, na mita zangu kumi na nne. Nilisimulia vibaya, Kiingereza kikinikimbia kila nilipohitaji neno la mzimu. Yeye hakucheka wala hakushangaa. Aliuliza maswali ya mkulima. Udongo wa pale ni wa namna gani? Kona ile maji yanatuama? Mti bado unazaa? Mwishoni akauliza kama yule fomeni aliishi, nikasema aliishi mpaka uzeeni, akatikisa kichwa, "Alikuwa na bahati kusikiliza siku ya pili."

Jumapili ile nilimpigia Babu kwa video. Ana miaka themanini na kitu, simu anaishika karibu mno, unaongea na paji la uso.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Baridi haijakumaliza?"

Nikamweleza Latoon. Alisikiliza kimya, kisha akauliza, kama mtu wa kazi anavyouliza, "Walichinja nini?"

"Hawakuchinja, Babu. Walirekebisha mpango."

"Ubani?"

"Hapana."

"Hodi walipigaje?"

"Kuna mzee aliandika barua kwenye gazeti."

Paji la uso likatoweka. Alikuwa anacheka, simu imeanguka mapajani. Nilisikia anamwambia Bibi, "Eti barua! Wenyewe wanasoma gazeti!" Aliporudi nikamwambia na habari ya msumeno, kwamba miaka mitatu baadaye kilikatwa matawi yote usiku. Hapo akaacha kucheka.

"Unaona," akasema. "Na kimeota?"

"Kimeota."

"Basi wale wa huko ni wapole kuliko wetu."

Nimerudi Tanga sasa mwaka wa pili. Mwezi uliopita tulikuwa porini tunapima barabara ndogo ya kuunganisha vijiji viwili, mimi na kijana mpimaji aliyetoka chuo juzi, hodari, ana haraka. Mstari wake ulikuwa umenyooka vizuri sana kwenye kompyuta, ukapita juu ya mkwaju wenye vitambaa vyekundu. Alikuwa ameshauwekea alama ya kung'olewa. Nilimtuma akaite mwenyekiti wa kijiji na wazee, tukakaa nao chini kama saa mbili, na chai niliikataa mara mbili. Kisha tukasogeza mstari mita tisa mashariki.

Jioni alikuwa anajaza fomu ya mabadiliko, akafika kwenye kisanduku cha sababu, kalamu ikasimama.

"Dada, hapa niandike nini?"

"Andika mandhari," nikamwambia.